Barua ya wazi kwa wenye madaraja ya Maryland: juu kulikuwa na watu wanane

Waheshimiwa mnaosimamia barabara na madaraja ya jimbo la Maryland, pamoja nanyi mliokabidhiwa ujenzi wa daraja jipya la Francis Scott Key hapa Baltimore, badala ya lile lililoangushwa na meli tarehe 26 Machi 2024,

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Naishi Dundalk, karibu na pale daraja lilipoanzia, na kazi yangu ni kuwatunza wazee usiku katika nyumba moja iliyoko ng'ambo, upande wa Glen Burnie. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe ni la msiba, na msiba mtu huulilia kwa lugha ya nyumbani. Wafasiri mnao. Nao Waswahili wenzangu wa jimbo hili, wanaoendesha malori, wanaosafisha hospitali, wanaolala mchana na kuamka magharibi, wataisoma wenyewe.

Nataka kusema habari ya mtu mmoja wa Mexico, wa umri wa miaka 35, aliyetolewa majini tarehe 27 Machi 2024 akiwa ndani ya pikapu nyekundu pamoja na mwenzake wa Guatemala, kijana wa miaka 26. Jina lake mnalo kwenye majalada yenu. Mimi silitaji, kwa kuwa jina la marehemu ni la watu wake na hakuna aliyenipa ruhusa. Nataka pia kusema habari ya simu ambayo hakupigiwa.

Miaka sita nililivuka daraja lile usiku kwenda kazini. Mara nyingi niliwakuta wanaume wa barabara: gari lenye mshale wa taa, koni za rangi ya chungwa, na mmoja wao amesimama na reflekta kifuani, anakupungia mkono upunguze mwendo. Upepo wa huko juu ni mkali. Mto Patapsco uko chini yako zaidi ya mita 50, na katikati ya Machi maji yake ni baridi ya kuua. Siku ambazo nilikuwa nimechelewa niliwanung'unikia wanaume wale. Niliona koni, nikaona dakika zangu zinapotea, sikuona mtu. Leo natamani ningeshusha kioo angalau mara moja nikamsalimia yule mwenye mkono.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi sikuwa zamu. Chini yangu katika nyumba tunayopanga anakaa jirani Mmexico, mtu wa Puebla, ambaye naye kazi yake ni barabara, kumwaga zege usiku magari yakipungua. Yapata saa tisa na nusu za usiku mlango wangu uligongwa. Alikuwa mkewe, kanga hana, viatu hana, simu iko mkononi inaita na haipokelewi. Hakusema salamu. Alisema neno moja tu la Kihispania ambalo kila mkazi wa hapa analijua, puente, yaani daraja, na akaonyesha upande wa mto.

Tuliwasha televisheni. Tuliliona lile daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu, sehemu yake ya katikati ya chuma imelala majini kama kitanda kilichovunjika mchaga, na juu ya pua ya meli kipande chake kimening'inia. Mtangazaji alisema palikuwa na kikosi cha wafanyakazi kikiziba mashimo ya barabara. Yule mke wa jirani alikaa chini sakafuni. Hakujua mumewe alipelekwa barabara gani usiku ule, kwa sababu wanaume hawa hupangiwa mahali jioni ileile. Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka, yeye anapiga, simu inaita.

Nieleze kidogo mtu tuliyekuwa tunamngoja ni wa namna gani, maana ninyi mnawajua kama idadi ya vichwa kwenye kandarasi. Akirudi asubuhi haingii na mabuti. Hukaa kwenye ngazi, akayavua, akayagonganisha mara mbili ili saruji iliyokauka idondoke nje. Watoto wakisikia mlio huo huacha uji. Binti mdogo humletea viatu vyake vya shule, naye, kabla hajanawa, kabla hajala, humfunga kamba kwa vidole vilivyopasuka, mafundo mawili kila kiatu, kwa sababu fundo moja humfungukia njiani. Kisha ndipo hulala. Saa nane mchana yuko macho tena kwenda kuwachukua shuleni. Theluji ikianguka hulifukua gari langu kabla ya lake, na nikimshukuru husema tu, "Vecina," yaani jirani, kama kwamba neno hilo linatosha kueleza sababu. Na kwa kweli linatosha.

Kila Ijumaa hutuma pesa kwa mamake. Mimi natuma Likoni kwa M-Pesa, yeye hupanga foleni kwenye duka la kona. Pesa wanazotuma watu kama yeye ndizo zilizofika Mexico mwaka 2024 zikivuka dola bilioni 64, nyingi zikitoka Marekani. Takwimu hiyo husomwa kama habari za benki. Mimi nikiisikia naona foleni ya Ijumaa, naona wanaume wenye saruji kwenye kucha wakihesabu noti, na mmoja akijibakizia ya nauli.

Saa kumi na mbili na kitu asubuhi tulisikia mabuti yakigonganishwa kwenye ngazi, mara mbili. Mkewe alitoka mbio. Alimpiga ngumi za kifua, akampiga, halafu akamshika kichwa kwa mikono miwili na hakukiachia. Alikuwa amepelekwa barabara nyingine kabisa, na simu aliisahau ndani ya lori. Siku hiyo hakulala. Alikaa mbele ya televisheni na reflekta yake mwilini mpaka adhuhuri.

Basi nyumba yetu ilirudishiwa mtu. Nyumba sita hazikurudishiwa.

Sasa niseme yale ambayo ninyi mnayajua kunizidi, lakini wasomaji wangu huenda hawayajui yote. Meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa karibu mita 300, iliondoka bandarini Baltimore saa sita na dakika 39 za usiku ikielekea Colombo, Sri Lanka. Ilipokaribia daraja, umeme wake ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Rubani wa bandari aliyekuwa ndani ya meli alitoa taarifa ya hatari. Taarifa ikafika kwa polisi wa madaraja, na polisi wakaambiwa wafunge magari pande zote mbili. Waliyafunga. Saa saba na nusu haijagonga, nguzo ikagongwa na sehemu ya katikati ya daraja ikaanguka kwa sekunde chache.

Kati ya ile taarifa na kuanguka palikuwa na kama dakika moja na nusu. Kwa dakika hiyo na nusu hakuna gari hata moja la msafiri lililozama. Gavana Wes Moore aliwasifu polisi wale, na mimi nawasifu. Ningekuwa zamu usiku ule na kuchelewa, pengine ni wao ambao wangeninusuru.

Lakini juu ya daraja kulikuwa na watu wanane. Saba wa kikosi na mkaguzi mmoja. Polisi walikuwa pale tangu mwanzo kwa sababu ya kazi ya watu hao. Wanaume wa kikosi walikuwa ndani ya magari yao, wakipumzika. Kijana mmoja wa Mexico, wa miaka 24, alikuwa ametoka kumtumia mchumba wake ujumbe wa sauti kumwambia wameshamwaga zege na wanangoja likauke. Mnajua wenyewe, zege haliharakishwi. Sauti za redio ya polisi zilizorekodiwa zimesikika dunia nzima: askari mmoja anauliza kama kuna kikosi kinafanya kazi huko juu, mwingine anasema basi msimamizi wao angeambiwa awashushe kwa muda, mwingine anajiandaa kuwafuata kwa gari mara mwenzake atakapofika kushika zamu ya kuzuia. Halafu sauti inasema daraja limeanguka.

Nimeisikiliza mara nyingi. Hakuna mtu mbaya katika sauti zile. Kuna watu waliowakumbuka wafanyakazi, na hawakuwa na namna ya kuwafikia ila kwa kuwaendea kwa miguu ya gari. Hapo ndipo ninaposhikwa na uchungu. Mlikuwa na redio ya kumfikia askari wa kusini na askari wa kaskazini. Rubani alikuwa na njia ya kuwafikia ninyi kutoka kwenye meli iliyozimika. Mtu aliyekaa katikati ya daraja lenu, mliyemtuma ninyi, kwa kandarasi yenu, hakuwa na kitu cha kulia pembeni yake.

Na huu si uchungu wa mama wa Likoni peke yake. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake tarehe 18 Novemba 2025. Ilisema umeme wa meli ulikatika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, ambao haukuingia sawasawa mahali pake kwa kuzuiwa na kibandiko cha jina la waya. Kibandiko. Ilisema daraja halikuwa na kinga dhidi ya meli kubwa za siku hizi. Na ikasema kwamba miongoni mwa yaliyochangia vifo ni kukosekana kwa mawasiliano ya haraka ya kuwaambia wafanyakazi waondoke. Wangeambiwa wakati uleule polisi walipoambiwa wafunge magari, huenda wangepata nafasi ya kuendesha hadi kwenye sehemu ya daraja ambayo haikuanguka. Magari yao yalikuwa chini ya makalio yao.

Kabla ya hapo, Machi 2025, bodi hiyohiyo ilishasema kwamba hatari ya daraja lile kuangushwa na meli ilikuwa karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika, na kwamba ninyi mnaolimiliki hamkuwa mmeipima. Sitaki kulirefusha jambo hilo, wahandisi wanalijua na limefika mahakamani. Nguzo zinaweza kuzungushiwa ukuta wa mabilioni. Mimi naililia redio ya dola chache.

Katika wanane, wawili walipona. Mkaguzi alikuwa kwa miguu, akakimbia. Wa pili ni Mmexico wa kikosi. Yeye alianguka na gari lake, akazama nalo, akazungusha kioo kwa mkono, maana gari lilikuwa la kioo cha kuzungusha, akatoka, akashikilia mabaki mpaka alipookolewa. Hajui kuogelea. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo mpwa wake na shemeji yake. Fikirini kidogo juu ya hilo. Kazi hizi haziendi kwa tangazo la gazetini. Mmoja anapata nafasi, anamleta shemeji, shemeji anamleta kijana wa dada, na kabla hujajua, ukoo mzima uko juu ya daraja moja usiku mmoja. Kwetu pwani ni vivyo hivyo, ukitaka kujua fulani ni nani, tazama nani alimleta nani. Undugu wao ndio uliowapa riziki, na ndio uliowakusanya pale. Mtu huyo amebaki na hesabu ya kuwaeleza dada na mke.

Sita waliokufa: wawili wa Mexico, wawili wa Guatemala, mmoja wa Honduras, mmoja wa El Salvador. Waume, akina baba, wana wa watu. Siku iliyofuata rais wa Mexico wa wakati ule, Andrés Manuel López Obrador, alisema msiba ule unaonyesha kwamba wahamiaji hutoka kwenda kufanya kazi za hatari usiku wa manane, na kwa hiyo hawastahili kutendewa kama baadhi ya wanasiasa wanavyowatendea. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno machache zaidi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji alikuwa amelala. Mgeni alikuwa anamzibia mashimo ili tairi lake lisipasuke asubuhi.

Sisi tuliokulia Likoni tunaijua ile ngojea ya ufukweni. Nilikuwa mtoto mwaka 1994 kivuko cha Mtongwe kilipopinduka wakafa watu 272, na wanawake wa mtaa wetu walikaa mchangani siku nyingi wakitazama maji. Mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri, likazama na mama na mwanawe, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Kila jioni pwani nzima iliuliza: wameonekana? Hapa Baltimore wapiga mbizi walisema maji yalikuwa meusi na vyuma vimefumana. Wawili walipatikana siku ya pili, ndani ya pikapu. Wa sita alipatikana tarehe 7 Mei, wiki sita kamili. Wiki sita mtu hana kaburi na hana matumaini. Nilikwenda mara mbili pale jamii ilipowawekea misalaba sita, yenye reflekta, maua na bendera za kwao. Mwanamke mmoja alikuwa anapangusa vumbi kwenye reflekta kwa kiganja, polepole, kama unavyompangusa mtu begani anapotoka nyumbani. Sikujua alikuwa nani wake. Nilisimama mbali.

Kuhusu fidia nitasema kwa ufupi. Serikali ya Marekani ilikwishalipwa na wenye meli karibu dola milioni 102 kwa gharama za uokoaji na kusafisha mto, na makubaliano hayo yalifikiwa Oktoba 2024, miezi saba baada ya ajali. Kabla ya hapo, Aprili 2024, wenye meli walikwenda mahakamani kuomba deni lao lote lisizidi kama dola milioni 44, wakitegemea sheria ya mwaka 1851. Mto ulisafishwa na bili yake ikalipwa mapema. Sielewi kwa nini wajane wakawa ndio wa kungoja.

Sasa mnajenga. Novemba 2025 mlisema daraja jipya litagharimu kati ya dola bilioni 4.3 na 5.2, na litafunguliwa mwishoni mwa mwaka 2030. Mpaka wakati huo mimi napita handakini, nachelewa, na sinung'uniki tena. Ninachowaomba ni hiki. Kabla hamjatundika taa moja ya urembo, wekeni njia ya kumfikia kila mfanyakazi aliye juu ya daraja, lolote lile katika jimbo hili, kwa wakati uleule askari anapofikiwa: king'ora, redio ndani ya kila gari la kikosi, chochote kinacholia kwa nguvu na kueleweka kwa Kihispania na kwa lugha yoyote anayoota nayo aliyeko pale. Mtu wa zamu kwenye chumba chenu cha mawasiliano awe na orodha mbele yake: leo usiku daraja fulani lina watu wangapi, msimamizi ni nani, anaitwaje kwa redio. Lifanyieni mazoezi, usiku, kwenye upepo, muone kama linasikika. Msilisubiri daraja jipya, maana mashimo yanazibwa usiku huu kwenye madaraja ya zamani.

Na majina sita yaandikwe juu ya daraja lenyewe, pale katikati walipokuwa, mahali dereva atakapoyaona. Familia zao waulizwe kwanza kila herufi, kila nukta ya Kihispania juu ya herufi, kwa sababu nimeshayaona yakiandikwa kimakosa mara nyingi.

Nilimsomea jirani yangu barua hii jana, sentensi kwa sentensi, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Nilipofika pale pa zege kukauka alinyamaza, akasema hapo ndipo mtu huwa anafurahi, kazi imeisha, unangoja tu. Leo anaingia kazini saa tatu usiku, kwenye daraja. Nilimwuliza kama kikosi chao kina redio ya kuzungumza na polisi wanaowalinda. Alifikiri kidogo huku akimfunga binti kamba ya kiatu, fundo la pili. Akasema hajui, atamwuliza msimamizi.

Wenu,
Mama wa Likoni, mkazi wa Dundalk